Namna ya Kuandaa Usiku wa Vichekesho vya Mapenzi vya Hollywood ya Zamani Nyumbani

Mara ya kwanza nilipowakusanya jamaa nyumbani kwetu Ng'ambo, Unguja, ili niwaonyeshe vichekesho vya mapenzi vya Hollywood ya zamani, nilianza na filamu ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo iliyoniharibia usiku. Ilikuwa His Girl Friday ya mwaka 1940, ambamo Cary Grant na Rosalind Russell wanajibizana mbiombio, kila mmoja akiyadaka maneno ya mwenzake kabla hayajamtoka, hata mtu aliyesoma Kiingereza miaka mingi hulazimika kuirudisha nyuma. Dakika ishirini hazijatimia, mama mkubwa, ambaye kwa adabu alikuwa amekaa kimya muda wote huo, aliniinamia akaniuliza: "Mwanangu, hawa wanagombania mirathi?" Vijana walikuwa wameshatoka zamani, wamekaa barazani na simu zao. Tangu siku hiyo nimejifunza namna ya kuziandaa filamu hizi ili watu wa kwetu wazifurahie, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyapata kwa kukosea.

Kwanza ni lazima wewe mwenye kuandaa ujue uzuri wa filamu hizi umekaa wapi, kwa sababu haukukaa mahali ambapo mtazamaji wa kwetu amezoea kuutafuta. Sisi tumelelewa na filamu za Kihindi. Wazee waliowahi kukaa Majestic pale Vuga au Cine Afrique pale Malindi wanataraji nyimbo, machozi, na steringi anayepiga watu kumi. Hapa hakuna hayo. Kilichopo ni majibizano na kizuizi: mwanamume na mwanamke wenye ndimi kali wanakutanishwa, kisha kinawekwa kitu baina yao, kiwe ni talaka, tabaka, uongo au pazia, na filamu nzima ni kazi ya kukizunguka kitu hicho kwa maneno. Hali hiyo haikuletwa na usanii peke yake. Mwaka 1930 studio za Hollywood zilikubaliana juu ya kanuni za maadili zilizokuja kujulikana kwa jina la Will Hays, mkuu wa chama cha studio hizo, na kuanzia katikati ya mwaka 1934 Joseph Breen aliiongoza ofisi iliyokagua miswada kabla haijapigwa picha na filamu kabla hazijatoka, kwa ukali ambao ulikuwa haujaonekana kabla yake. Waandishi walipofungiwa mlango walipita dirishani, wakayatia mapenzi ndani ya mafumbo. Mtu aliyekulia mahali ambapo mwanamke humjibu jirani yake kwa kanga aliyojifunga, wala hasikiki akitamka neno hata moja, hahitaji darasa refu ili alielewe jambo hilo. Mimi siku hizi huwaambia wageni kabla ya kuwasha kwamba hizi ni filamu za kanga, na wanawake wote chumbani hukaa sawasawa.

Kuhusu chombo, nina maneno machache lakini usiyapuuze. Runinga za kisasa ni pana, na nyingi ya filamu hizi zilipigwa kwa picha iliyokaribia mraba, ambayo upana wake ni mara 1.37 ya kimo chake. Ukiiacha runinga ijaze kioo chote, mwigizaji Clark Gable ataonekana kama amekaliwa na gunia la karafuu. Iweke katika umbo lake la asili na ukubali mistari myeusi ya pembeni, na umwambie mapema yule jamaa ambaye kila mara husema kioo kimeharibika. Uzime pia utaratibu wa kulainisha mwendo wa picha, kwa sababu huifanya filamu ya mwaka 1938 ionekane kama taarifa ya habari. Vijana watalalamika kuwa haina rangi, na kwa Mzanzibari lalamiko hilo lina mizizi, kwani sisi tulianza televisheni yetu ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wengi barani walikuwa hawajaiona. Usibishane nao. Zima taa zote, punguza mng'ao wa kioo, na baada ya robo saa hawataikumbuka tena rangi.

Sauti ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mtu akikosa sentensi moja amekosa kichekesho, na kichekesho kinachofuata kimejengwa juu ya hicho alichokikosa. Adui mkubwa ni pangaboi. Kwa sababu hiyo mimi huandaa wakati wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo chumba kinavumilika bila pangaboi; wakati wa masika mvua ikipiga juu ya mabati huwezi kusikia kitu, na wakati wa kaskazi utalazimika kuchagua baina ya jasho na maneno. Anza baada ya sala ya Isha, tuseme saa mbili, kwa kuwa filamu hizi ni fupi kwa kipimo cha Kihindi: nyingi zinakaa baina ya dakika tisini na mia moja na ishirini, na hata bibi mwenye kulala mapema ataumaliza usiku. Kuhusu vitafunio, bisi zina kelele, visheti vina kelele zaidi. Weka halwa.

Sasa nije kwenye tafsiri, maana hapo ndipo usiku wa kwanza uliponishinda. Katika vibanda vya video tumezoea mtu mmoja anayezungumza juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, akitia na chumvi yake, na kwa filamu za mapigano jambo hilo linapendeza kweli. Kwa vichekesho hivi linaua, kwa sababu sauti ya mwigizaji kama Katharine Hepburn yenyewe, namna inavyopanda na kukatika, ni nusu ya kichekesho, na mkalimani akiifunika amemfukuza mgeni wa heshima. Fanya hivi: itazame filamu peke yako siku moja kabla, uandike dondoo kumi au kumi na mbili, zisizidi. Kabla ya kuanza, wasimulie watu nani ni nani na kizuizi ni kipi, lakini usiwasimulie kinavyoondoka. Kisha utulie. Simamisha picha mara tatu au nne tu, pale ambapo maneno yanabeba kila kitu, useme maana yake kwa sentensi moja ya Kiswahili safi, halafu uirudishe nyuma kidogo ili waisikie tena kwa masikio yaliyokwisha jua. Neno lisilotafsirika usilipiganie. Tafuta methali inayokaa mahali pake. "Wagombanao ndio wapatanao" imenisaidia katika filamu nne tofauti, na kila mara ilipokelewa kwa kicheko kuliko tafsiri yoyote niliyoitungia jasho.

Kwa usiku wa kwanza ninashauri Roman Holiday ya mwaka 1953, aliyoiongoza William Wyler na ambayo ilipigwa Roma kwenyewe, kwa sababu hata asiyejua neno la Kiingereza anaifuata kwa macho. Audrey Hepburn ni binti mfalme aliyechoshwa na ratiba za ikulu, akatoroka usiku, akaangukia mikononi mwa mwandishi wa habari ambaye ni Gregory Peck. Huku kwetu kisa hicho hakihitaji utangulizi, kwa kuwa kila mtoto wa Unguja amesikia habari za Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyepanda meli mwaka 1866, kisha akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Tofauti ni kwamba binti wa filamu alirudi kwenye wajibu wake usiku uliofuata, na wetu alikwenda kuishi Hamburg. Chumbani kwangu mjadala wa nani kati yao alifanya vizuri uliendelea hadi saa sita za usiku. Simamisha picha kwenye tukio la Mdomo wa Kweli, lile jiwe lenye uso ambalo husemwa kuwa humng'ata mkono muongo. Peck anaingiza mkono wake, anapiga ukelele, na anapoutoa kiganja hakionekani, kwa sababu amekificha ndani ya mkono wa koti. Inasimuliwa kwamba Audrey hakuambiwa mapema kuwa mwenzake angefanya hivyo, na ukimtazama usoni utaamini. Kwa filamu hiyo alipata tuzo ya Oscar.

Usiku wa pili weka It Happened One Night ya Frank Capra. Ilitoka Februari 1934, miezi michache kabla ya ukali wa ofisi ya Breen kuanza, na ilikuwa filamu ya kwanza kuzitwaa Oscar zote tano kubwa: ya filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na uandishi. Claudette Colbert ni mtoto wa tajiri anayemkimbia baba yake, Gable ni mwandishi wa habari asiye na kazi, nao wanasafiri kwa basi kutoka Miami kwenda New York. Wanapolazimika kulala chumba kimoja, Gable anafunga kamba baina ya vitanda viwili, anatundika blanketi, na analiita Kuta za Yeriko. Hapa usipoeleza mapema umewanyang'anya watu mwisho wa filamu. Waambie kisa cha Biblia cha mji wa Yeriko ambao kuta zake zilianguka baada ya kupulizwa mabaragumu, kisha unyamaze. Na mwishoni, kamera itakapobaki nje ya nyumba usiku, baragumu la mchezo litakaposikika na blanketi kuonekana likianguka sakafuni, hutakuwa na haja ya kutafsiri chochote. Hakuna busu. Hakuna hata uso wa wapenzi wenyewe. Mimi sijaona filamu ya leo iliyosema jambo lile lile kwa uwazi zaidi, huku watoto wamekaa mkekani na hakuna mzazi aliyelazimika kukohoa. Kuna mahali Gable anavua shati mbele ya Colbert, na hapo ndipo unapoweza kukumbuka kwenda kuangalia chai.

Ya tatu ni The Awful Truth ya mwaka 1937, ya Leo McCarey, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba zetu ingawa ukiitazama juu juu utadhani ni ya mbali kabisa. Cary Grant na Irene Dunne ni mke na mume wanaotuhumiana, wanakwenda mahakamani, na hakimu anaitoa talaka lakini anasema itakamilika baada ya siku 90. Nilipoyafikisha maneno hayo kwa Kiswahili, mama mkubwa alisema papo hapo: "Basi si eda hiyo?" Nikaona kwamba alikuwa ameifungua filamu nzima kwa neno moja. Si kitu kimoja kisheria, lakini mwendo wake ni ule ule: miezi mitatu hivi ambamo mlango haujafungwa, mume bado anaweza kurejea, na kila mmoja anajifanya hajali huku akihesabu siku. Saa ya ukutani inapokaribia usiku wa manane katika sehemu ya mwisho, na mlango wa baina ya vyumba viwili unakataa kufunga kwa sababu ya upepo, watazamaji wangu walikuwa wakimhimiza Grant kwa sauti kama watu walioko uwanjani. Sehemu ya mahakamani inayohusu nani atamchukua mbwa ipitishe haraka. Kwetu haichekeshi kama inavyochekesha kwao.

Filamu hiyo ndiyo ninayoitumia kuwaonyesha watu namna ya kumtazama nyota, jambo ambalo ni tofauti na kumtazama mhusika. Kuna mahali Grant anaingia kwa pupa nyumbani kwa mwalimu wa uimbaji akitaraji kumfumania mkewe, akamkuta anaimba mbele ya wageni waalikwa. Anajikunyata kwenye kiti nyuma ya watu, anakiegemeza kiti, na kiti kinamwangusha pamoja na meza. Mara ya kwanza kila mtu humtazama Grant, na ni haki yake: alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1904, kwa jina la Archibald Leach, na kabla ya kuwa bwana wa suti alikuwa kijana wa sarakasi, kwa hiyo anaanguka kama mtu aliyelipwa ujana wake wote kwa kuanguka. Rudisha nyuma, na mara ya pili uwaombe wageni wamtazame Dunne. Bado anaimba. Hakatishi wimbo, anaumeza ucheko mpaka kwenye noti ya mwisho, na hapo anaufanya ucheko wenyewe uwe ndiyo noti. Katika sauti hiyo moja unasikia kwamba bado anampenda yule mjinga aliyeko sakafuni, naye mwenyewe amejisikia. Ukishawazoesha watu kuirudia sehemu kama hiyo mara mbili, mara moja kwa anayetenda na mara moja kwa anayepokea, hawatakuuliza tena kwa nini watu wazima wanapenda filamu za zamani.

Kutoka hapo unaweza kuchagua kwa kadiri ya wageni wako. Kwa watu wenye duka au walioajiriwa dukani, weka The Shop Around the Corner ya mwaka 1940. Ernst Lubitsch, mwana wa fundi nguo wa Berlin, aliipanga katika duka moja la Budapest ambamo James Stewart na Margaret Sullavan wanagombana mchana kutwa juu ya bidhaa na zamu, na usiku kila mmoja anamwandikia barua za mapenzi mtu asiyemjua, bila kutambua kwamba wanaandikiana wao kwa wao. Kuna tukio fupi ambalo kila aliyewahi kutegemea S.L.P. atalihisi tumboni: kamera imewekwa upande wa ndani wa masanduku ya posta, mlango mdogo unafunguliwa, mkono wa mwanamke wenye glovu unapapasa ndani, haukuti kitu, kisha uso unainama kuhakikisha. Haukuti kitu. Hutafsiri hapo, ni picha ya sekunde chache tu.

Bringing Up Baby ya mwaka 1938, ya Howard Hawks, niliiweka nikidhani watoto wataipenda kwa sababu ya chui. Katharine Hepburn ana chui mfugwa anayetulizwa kwa wimbo, Grant ni mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale, na katikati ya filamu anatokea chui wa pili, mkali, wa sarakasi, na hakuna anayejua yupi ni yupi. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Neno la chui wa kufugwa halijapita dakika mbili, wazee wawili kutoka kusini ya kisiwa waliisimamisha filamu kwa mazungumzo yao wenyewe juu ya vijiji vilivyosifika kufuga chui wa uchawi, na nani alitumwa kumdhuru nani, na hatukuimaliza filamu usiku ule. Iwekee muda wa ziada. Hepburn huyo huyo alitajwa mwaka ule na wenye majumba ya sinema kuwa ni sumu kwa mauzo ya tiketi, naye akajipanga, akaipata haki ya filamu ya The Philadelphia Story, na mwaka 1940 akarudi kwa kishindo akiwa na Grant na Stewart. Ukimweleza mtu habari hiyo kwanza, ataitazama filamu ya pili kwa jicho jingine, kwa kuwa imejengwa juu ya mwanamke mwenye kiburi anayeshushwa, na aliyeichagua ni mwanamke mwenyewe.

Usifiche aibu zake. Filamu hiyo ya mwisho inaanza kwa Grant kumsukuma Hepburn usoni mpaka akaanguka, na watazamaji wa wakati ule walitakiwa wacheke; mimi huwaambia wageni mapema kwamba sicheki. Watu weusi katika filamu hizi mara nyingi huja wakiwa wapagazi wa treni na wajakazi, hutamka sentensi moja na kuondoka, na ni afadhali mwenye nyumba aliseme jambo hilo kuliko kumwacha kijana alione peke yake na kushangaa kwa nini wakubwa wamenyamaza. Pombe na sigara zimejaa kila mahali. Some Like It Hot ya mwaka 1959, pamoja na ustadi wote wa Marilyn Monroe, Tony Curtis na Jack Lemmon, inafaa zaidi kwa watu wazima wanaojuana vizuri, si kwa ukumbi wenye bibi na wajukuu.

Kuhusu kuzipata, His Girl Friday na My Man Godfrey ya mwaka 1936 hazikuhuishwa hakimiliki yake nchini Marekani, kwa hiyo zinapatikana kwa uhalali kwenye intaneti bila malipo, ingawa nakala nyingi ni mbovu na inafaa ulinganishe mbili tatu kabla ya kuteketeza kifurushi chako. Nyingine zinunuliwe au zikodiwe. Na ikiwa utafikiria kuzitoa nje ya nyumba na kutoza kiingilio, hilo ni jambo la vibali, nenda kwanza ukaulize Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni.

His Girl Friday, basi, iache iwe ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha mzoea Grant na wamekwisha zoea kusikiliza. Waambie tu kwamba yeye ni mhariri, Russell ni mwandishi wake hodari na aliyekuwa mkewe, na kwamba anataka kumzuia asiolewe na mwingine kwa kumpa habari ambayo mwandishi wa kweli hawezi kuiacha. Usisimamishe picha hata mara moja. Wataikosa robo ya maneno, kama sote tunavyoikosa, na haidhuru. Jambo moja la kuzingatia: katika filamu za wakati ule majina ya waigizaji na watengenezaji huwekwa mwanzoni, na neno la mwisho hutokea ghafla, kioo kikawa cheusi watu wakiwa bado vinywa wazi. Usiikimbilie taa. Waache gizani dakika moja au mbili waanze kubishana wenyewe, kisha ndipo kahawa iletwe.